Ombi la Taa

Karani wa dirisha namba tatu alikuwa na siri moja ambayo serikali ya mji haikuijua: kuna ombi alikuwa amelikalia. Si kwa uvivu. Maombi mengine yote, ya mitaro, ya takataka, ya mbwa wa jirani, aliyagonga mhuri na kuyapandisha ghorofani kabla wino haujakauka, ndiyo maana wenzake wakamwita Mama Mhuri. Lakini fomu ya fundi saa mstaafu, iliyoomba taa ya barabarani mbele ya ngazi za nyumba yake, ilikuwa chini ya daftari lake, mwaka wa pili sasa.

Sababu yenyewe aliona haya kumwambia hata dada yake. Fundi saa alikuja kila Alhamisi, saa nne, kuuliza taa yake imefikia wapi. Alivua kofia, akaegemea dirisha, wakaanza na taa na kuishia kwingine kabisa: marehemu mkewe aliyekuwa akiimba huku anafua, mume wa Mama Mhuri aliyezikwa miaka kumi na mmoja iliyopita, saa zinazokimbia na zinazochelewa. Ile robo saa ndiyo iliyokuwa wiki yake nzima. Siku nyingine alikuwa anasubiri tu, na anayetaka kumcheka na amcheke. Taa ikiwaka, fundi saa atakuja kufanya nini?

Kila mara alimwambia kwamba ombi linashughulikiwa, tena macho makavu.

Ndipo mkurugenzi wa mji akaunda kamati ya kuchagua jukwaa la mtandaoni, wananchi watoe maoni na malalamiko yao wakiwa nyumbani. Dirisha moja tu lingebaki, la wasiozoea mitandao. Mama Mhuri aliingizwa kwenye kamati kwa kuwa ndiye pekee aliyewajua hao wananchi kwa sura.

Mifumo miwili ilibaki mezani. Wa kwanza ulijaa picha za watu wanaotabasamu. Ukituma lalamiko unapewa ahsante, basi, limemezwa. Wa pili haukuwa na urembo wowote, ila ulionyesha kila ombi liko kwa nani na limekaa siku ngapi, na aliyelituma anayaona hayo yote kwenye simu yake. Hata maombi ya zamani yangeingizwa humo kwa tarehe zake za kweli.

Nusu ya wajumbe waliupenda wa kwanza, na huna haja ya kuuliza kwa nini. Mhandisi wa barabara alisema wa pili utawavunjia watu heshima. Mama Mhuri naye moyoni alishachagua wa kwanza, huku akijua vizuri kuwa ni danganya toto.

Alhamisi, siku moja kabla ya kura, fundi saa alikuja mkono wa kulia umefungwa bendeji. Alikuwa ameteleza kwenye zile ngazi, gizani. Alijicheka mwenyewe, akasema mkono uliofungua saa za watu miaka arobaini sasa unashindwa na kijiko. Hakumlaumu mtu. Alitaka tu kujua, kama kawaida, taa imefikia wapi.

Alipoondoka, Mama Mhuri aliinua daftari lake, akaitoa ile fomu.

Kesho yake kura zilikuwa tatu kwa tatu. Mkurugenzi akamgeukia yeye, ambaye hakuwa ameinua mkono.

"Wa pili," alisema. "Na fomu ya kwanza kuingizwa, nitaiingiza mimi."

Aliiingiza kwa tarehe yake. Skrini ikaandika: Siku 431. Ipo kwa: dirisha namba tatu. Alipewa barua ya onyo, mhandisi akapata la kuongea wiki nzima, na taa ikawekwa baada ya siku mbili.

Alhamisi ikafika. Saa nne, saa nne na robo, saa tano. Alijua hatakuja, lakini alimsubiri hivyo hivyo, akipanga mihuri iliyokwisha kupangwa. Alhamisi iliyofuata ikawa vilevile. Alimkosa mpaka akawa anapangusa pale fundi saa alipozoea kuweka kofia, ingawa hapakuwa na vumbi. Alijua alistahili, na bado angezizima taa zote za mji ili yule mtu aegemee dirisha mara moja tu.

Alhamisi ya tatu, saa nne na dakika chache, jibu lake liliingia kwenye skrini. Mfumo humuuliza kila mtu kama ameridhika. Fundi saa alikuwa amebonyeza hapana, kisha akaandika:

"Taa inawaka. Nimeona ombi lilikokaa. Sasa Alhamisi nije kuuliza nini?"

Juu yake mfumo ulikuwa umeshaweka maneno yake: Siku 0. Ipo kwa: dirisha namba tatu.

Mama Mhuri aliyasoma mara tatu. Anwani hakuhitaji kuitafuta. Alifunga dirisha mchana kweupe, watu wawili wakiwa kwenye foleni, akawaomba radhi, akachukua mkoba wake. Safari hii hakulikalia.