Poda Niliyomwaga Mbele ya Matokeo

Municheke tu, nimestahili. Ni miye mwalimu wa Bunia, mwenye kuambia finalisti wangu, wale wa darasa ya mwisho, mwaka muzima: "Mutu akiwa na woga ya egzameni, mumuache aseme kwanza."

Juzi tulikuwa tunangoja radio isome majina ya waliopata diplome. Nikaona Mave, mwanafunzi wangu mwenye woga kupita wote, anakuja mu barabara, mweupe tangu kichwa mpaka miguu, analia. Siye hapa mutu akipata diplome tunamumwangia poda. Nikasema, kumbe radio imesoma na miye sikusikia!

Nikamukimbilia, nikamumwangia kopo nzima ya poda ya muke wangu. Majirani wakatoka na masufuria, wakapiga, wakacheza.

"Mwalimu, ngoja..."

"Lia tu, mwanangu! Ni woga ndiyo inatoka!"

Mama yake akafika mbio, akacheza kidogo, kisha akasimama.

"Mave, unga yangu iko wapi?"

Mave akajipangusa macho.

"Mufuko ilinipasukia pale ku mashini ya kusaga, mama. Na radio haiyasoma kitu bado. Sasa, mwalimu, kama nimekosa diplome, hawa watu wote nitawaambia nini?"