Wivu wa Mpangaji wa Juu

Juzi, nikingoja kupigiwa muhuri katika ofisi moja ya serikali hapa Mombasa, nilimsikia mama mmoja wa mtaa wa Kuze akimshtaki kwa karani mwenye nyumba wake, mama wa makamo aliyekuwa papo hapo. Chini ya chumba cha mpangaji, mwenye nyumba ana tanuri la mikate. Hewa ya makaa isiyo na harufu hupenya sakafuni, na wiki iliyopita binti ya mpangaji alizirai, akakimbizwa hospitali.

"Huyu ana wivu tu," alisema mwenye nyumba, akilitengeneza buibui lake. "Biashara yangu yamchoma."

Mpangaji alimtazama bila hasira. "Kweli, dada, nina wivu. Wanao hulala penye madirisha mawili, wakaamka wakicheka. Wangu huamka wakitapika. Nisikuonee wivu vipi?"

Mwenye nyumba aliitazama mikono yake. Karani alipomuuliza tanuri litahamishwa lini, alijibu kwa sauti ndogo, "Kesho naita fundi."

Nikamwonea wivu mpangaji yule. Mimi mwaka wa sita huu nanung'unikia bomba langu bovu, na nikikutana na mwenye nyumba wangu, huisifu kanzu yake tu.