Firigisi ya Baba

Kwa miaka miwili nilimgombeza binti yangu kila tukikaa kula. Nilidhani anadeka. Nilikuwa nikitoka kiwanda cha mbao hapa Elburgon na njaa yangu, nafika nyumbani namkuta amesukuma ugali pembeni. Basi namlazimisha amalize. Anamaliza, na baada ya muda wa saa nne anakitapika chakula kile kile, jinsi kilivyoingia. Hilo linaniuma mpaka leo.

Daktari mmoja wa Nakuru ndiye aliyetuambia tumbo la mtoto limelala: chakula kinaingia lakini hakisukumwi kwenda mbele. Dawa ziliposhindwa tukapelekwa Nairobi. Akiwa na miaka minane, akawekewa kifaa cha umeme chini ya ngozi, kidogo kuliko kiganja changu, chenye nyaya mbili zilizoshonewa kwenye tumbo ili kulishtua kidogo kidogo. Daktari hakutuahidi kitu. Alisema wengine hupata nafuu, wengine hawapati.

Wiki ya sita baada ya upasuaji, mama yangu akaja kutoka magharibi na kuku kwapani. Mchana akapakua, firigisi akaniwekea mimi, maana kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba na mtoto wa kike haigusi. Beseni la kutapikia lilikuwa karibu na miguu ya binti yangu, mahali pake pa kila siku.

"Baba, nionjeshe hiyo," akasema.

Sikumbuki kama aliwahi kuniomba chakula. Mke wangu akanikumbusha kwamba nyama ngumu imekatazwa. Mimi nilimtazama mama, nimeshajiandaa kugombana. Yeye akavuta sahani yangu, akachukua kisu, akaikatakata ile firigisi hadi ikawa kama punje za mchele.

"Nimepika hii kitu miaka yote na sijui utamu wake," akasema. "Wacha huyu ajue."

Binti yangu akala kijiko kimoja. Kazini sikurudi. Tulikaa pale watu wazima watatu, tunajifanya tunazungumza habari za mvua, macho yote kwenye beseni. Saa nne zikapita. Lilikuwa kavu.

"Baba, ilibaki?"

Nilikuwa nimeifunika kwa bakuli. Nilitaka kumwomba msamaha. Nikaifunua, nikamsogezea sahani yangu.