Watu Wanne Kwenye Fomu

Nilipomaliza kidato cha nne, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kubisha milango ya watu na kuwauliza wanafua kwa sabuni gani. Kampuni ya utafiti wa soko ilitupa kalamu na fomu za kurasa sita, nami nikapewa mtaa wa Mbotela.

Fomu yenyewe haikuyajua maisha ya pale. Iliuliza kama mtu hununua sabuni kwa mche au kwa katoni, na kina mama wengi walinunua kipande tu, kilichokatwa dukani. Basi nikawa naandika "kipande" pembeni, kwa herufi ndogo.

Katika nyumba moja, mama aliyekuwa akichagua maharagwe alinipa stuli, akajibu kila swali taratibu, kama aliyekuwa akingoja kuulizwa.

"Mnaishi watu wangapi hapa?"

"Wanne. Mimi, watoto wawili, na baba yao."

"Sabuni huchaguliwa na nani?"

"Baba yao. Hapendi ile ya harufu kali."

Nikaandika.

Wiki iliyofuata msimamizi wetu aliniita. Ilikuwa kawaida yake kurudia nyumba chache kuhakikisha hatukujijazia fomu kwetu nyumbani. Alipopita kwa yule mama wa maharagwe hakumkuta, na jirani akamwambia hakuna mwanamume aliyelala katika nyumba ile kwa miaka miwili.

"Hukufika. Umebuni tu," akasema.

"Nilifika."

"Basi twende."

Njiani niliogopa kufutwa kazi. Mama yangu alikuwa ameshawatangazia watu wa kanisani kwamba nimepata kazi.

Tulimkuta yule mama akianika nguo. Msimamizi akamwonyesha fomu.

"Mama, wewe ndiye uliyemwambia huyu mko wanne?"

"Ni mimi."

"Na mzee yuko wapi?"

"Alienda Mombasa kutafuta kazi."

"Anakuja lini?"

Alikung'uta shati la mtoto, akalianika, akalinyoosha mikono. Kisha akanitazama. "Huyu msichana atafutwa kazi kwa sababu yangu?"

Msimamizi akatoa kalamu mfukoni.

"Basi andika watatu," mama akasema. "Hata barua hajaleta."

Nilipokea fomu, nikaikata ile nne. Niliona haya, kana kwamba ni mimi niliyemtoa yule mtu nyumbani.

"Na ile ya sabuni ubadilishe," akaongeza. "Nanunua ile ile, lakini nachagua mimi."

Tulipofika Jogoo Road, msimamizi aliniomba radhi. Halafu akaniambia ninakili ukurasa ule upya, kwa sababu ofisi haikutaka fomu zilizokatwakatwa. Nilinakili.

Jumamosi nilirudi bila fomu. Aliponiona mlangoni alishtuka, akauliza kama kuna kosa jingine. Nilimwambia nimekuja kumwamkia tu. Akacheka, akawaita watoto waje wanisalimie, akaenda kuinjika chai.