Chupa Aliyoijaza Bibi

Habari hii nilisimuliwa kwa ukamilifu na shangazi Kokugonza, dada yake baba, mwaka niliomaliza shule ya kati. Lakini nilipokuwa mtoto, meno ya utoto yakianza kung'oka, sehemu yake niliiona kwa macho yangu, na maelezo yake hayakupingana na nilichokiona.

Tulikaa Kiruruma. Mama alikuwa mjamzito, na uso wake ulivimba hata macho yakawa madogo. Kichwa kilimuuma, na mchana kweupe alisema anaona cheche. Baba alikuwa safarini Uganda, kwa hiyo shangazi ndiye aliyeamua tumpeleke zahanati ya misheni. Bibi, mkwe wake mama, hakutaka. Kwetu iliaminika kwamba mkojo ukiguswa na moto humuunguza mwenyewe tumboni, na kama ni mjamzito, anayeungua ni mtoto. Mama hakujisaidia hata karibu na mahali palipochomwa majani ya migomba. Na habari zilikwisha kuenea kwamba nesi wa zahanati huchemsha mikojo ya wanawake.

Mwishowe Bibi alikubali, akaja nasi. Nesi, mwanamke wa upande wa Bukoba, alimpa mama chupa. Bibi akaichukua, wakaenda wote wawili chooni, wakarudi nayo imejaa. Nesi akamimina kidogo katika kichupa chembamba cha kioo, akakishika juu ya taa ya spiriti. Mkojo ukachemka, ukabaki mwangavu. Akauminya mguu wa mama kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale.

"Mguu huu na mkojo huu si vya mtu mmoja," akasema. "Huu ni wa nani?"

Mama aliinamisha kichwa.

"Ni wangu," Bibi akajibu. "Ulitaka kumchemsha mjukuu wangu. Nichemshe mimi, nimekwisha kuzaa."

"Mama! Umetuaibisha," shangazi akamwambia Bibi.

"Basi nimekuchemsha, Bibi. Unaungua wapi?" nesi akauliza.

Bibi akajipapasa tumbo. "Bado. Labda kesho."

"Kesho huyu anaweza asiwepo. Akianguka na kuanza kukakamaa, huenda nisiweze kumrudisha."

Mama asingeweza kumpita mkwe wake, hata kwa uhai wake. Alimwambia tu, "Mama, niruhusu."

Bibi akageukia ukuta. "Nenda. Mimi sitatazama."

Lakini alitazama. Mkojo wa mama ulipopata moto ulibadilika ukawa mweupe, mzito, na Bibi akapiga ukelele: "Ameiva! Mtoto ameiva!" Nilimshika mama nguo nikaanza kulia.

Nesi alimkamata Bibi mikono yote miwili. "Si mtoto. Ni nguvu ya mama yake inayovuja. Ni kama ute wa yai, ukipata moto huganda. Ilikuwa inavuja hata kabla sijawasha taa."

Mama alilazwa katika chumba chenye giza, kelele zikakatazwa. Bibi alikaa mlangoni akifukuza hata kuku. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, mdogo mno, akalia. Bibi alimfunua, akamkagua kwenye mwanga wa dirisha, mkunjo kwa mkunjo, akitafuta palipoungua. Hakupaona. Akamfunika.

Shangazi aliisimulia habari hii kwa kicheko, kama kisa cha bibi kizee aliyetaka kumdanganya nesi. Mimi sicheki. Najua sasa kwamba mama alikuwa ukingoni mwa kifafa cha mimba, na chupa ile ilikaribia kumnyima matibabu. Hilo ni kweli na siliondoi. Lakini Bibi aliamini kabisa kwamba moto ungemchoma mwenye mkojo, na kwa kuamini hivyo akaijaza chupa kwa mkojo wake mwenyewe. Nalo ni kweli. Sijaweza kulifuta moja kwa jingine.

Bibi, baba, mama na shangazi wamekwisha kufariki. Nesi alihamishwa, sikupata habari zake tena. Tulio hai ni mimi na mdogo wangu, yule aliyezaliwa kabla ya wakati.