Moto Usiobebeka

Juzi, nikipita mji mdogo wa Daudi, nilimwona bodaboda amefunga mtungi wa gesi nyuma ya pikipiki, nikamkumbuka Mama Paulina, jirani yetu, wa kwanza kupikia gesi kijijini kwetu.

Alasiri moja bibi alinituma kwake na kigae nikaombe makaa ya kuwashia moto, kama kawaida. Jikoni hapakuwa na moshi. Palinuka kama kitunguu kilichooza, na moto wa bluu ulikuwa ukivuma chini ya sufuria.

“Moto huu haubebeki, mwanangu,” alisema.

Nikarudi na kigae kitupu. “Bibi, moto anao, ila anasema haubebeki.”

Kwetu, anayekunyima moto amekukataa. Jumapili, nje ya kanisa, Mama Paulina alimwamkia shikamoo, na bibi hakuitikia.

Tangu wiki ile, kila jioni Mama Paulina aliwasha gogo moja nyuma ya nyumba, nasi tukaendelea kuchukua makaa pale. Mimi niliamini gesi yake imeshindwa kuivisha makande.

Nilikuwa mtu mzima nilipokumbuka kwamba juu ya gogo lile sikuwahi kuona sufuria.