Kiti cha Mwaloni

Baba alikuwa na kiti kimoja cha mikono, kipana, cheusi kwa uzee, na kila mgeni aliyekisifia alipewa jibu lile lile: "Hicho ni kiti cha mwaloni." Hatukuuliza zaidi. Kwetu Mara mwaloni ni pale ufukweni boti zinaposhusha samaki, na baba kabla ya kuoa alikuwa fundi wa mitumbwi Musoma. Basi tukajua kiti kimetoka huko.

Halafu nikaenda chuo cha ualimu, nikafungua kamusi, nikakuta mwaloni ni mti. Mti wa Ulaya, mbao yake ngumu, samani zake hurithishwa vizazi na vizazi. Nilicheka peke yangu maktabani. Nikajiona wa kwanza katika ukoo wetu kuelewa baba alikuwa anasema nini. Kumuuliza mwenyewe sikumuuliza, maana mwalimu wa Kiswahili atamuuliza nini mtu wa darasa la nne? Huo ndio ulikuwa ujinga wangu, na nausema wazi.

Baba alifariki mwaka juzi. Mwaka huu miguu ya mama ikakataa, nikaamua kumtoa kijijini kwetu Kemambo nimlete kwangu Tarime mjini, kwenye nyumba ya kupanga ambayo kiti kile hakipiti mlangoni. Nikakipiga picha, nikaituma kwenye kundi la simu la wakusanyaji wa vitu vya kale: "Kiti cha mikono cha mwaloni, cha kale, kimetengenezwa kwa mkono." Mama nilimwambia nakiuza. Akauliza, "Umewaambia ni cha mwaloni?" Nikasema ndiyo. Akaridhika, nami nikashangaa mbona amekubali upesi hivyo.

Mnunuzi alitoka Nairobi, akavukia mpakani Sirari, akafika Kemambo kabla ya saa sita. Hakumpa mama shikamoo, alisema tu "Habari yako, mama." Mimi nilimsamehe, mama hakumsamehe. Alikipindua kiti, akakigonga gonga, akanionyesha viungo vilivyoshikwa kwa vigingi vya mti bila msumari hata mmoja.

"Hii ni mwaloni ya ukweli, madam," aliniambia. "Ni ya kitambo sana. Lazima ilitoka kwa shamba ya mzungu fulani."

"Kimetoka mwaloni, Musoma," mama akasema. "Mume wangu alikitengeneza yeye mwenyewe."

Mnunuzi akatabasamu. "Mama, huu mti haumei huku. Na hii kiti ni mzee kushinda bwanako."

Mama alinigeukia mimi, akaongea taratibu. "Tata yako hakuwa na ng'ombe wa mahari wa kutosha. Alikuja na hicho kiti begani, akamwambia baba yangu, nimekitengeneza kwa mikono hii. Baba yangu akakikalia. Akasema mtu wa mikono hiyo hawezi kumlaza binti yangu njaa. Ndivyo nilivyoolewa mimi."

Hadithi hiyo sikuwahi kuisikia. Nilichanganyikiwa kabisa. Mwaloni wa baba ulikuwa upi? Kama ni mti, nani alimfundisha neno ambalo mimi nililipata kwenye kamusi? Kama ni ufukwe, mbao ya Ulaya ilifikaje mikononi mwa fundi wa mitumbwi? Labda alivunja kabati la meli mbovu akaunda kitu kipya. Labda alikipata kama kilivyo, akamdanganya mkwewe ili apate mke. Mpaka leo sijui, na nikiwaza sana kichwa kinazunguka.

"Sasa, madam, ni ya kitambo ama ni ya mzee?" mnunuzi akauliza. "Kama ni mzee aliiunda, mimi nitarudi tu."

Mama naye alikuwa ananitazama. Kiti kiuzwe kisiuzwe, hilo halikumsumbua. Alitaka nimwambie mgeni yule kwamba baba hakuwa mwongo. Nami nilikuwa na visingizio vyangu: mlango mwembamba, mtu katoka mbali, gari lipo tayari barabarani. Lakini kilichonisukuma kilikuwa kingine. Nilitaka kamusi yangu ishinde.

"Ni cha kale," nikasema. "Mama anachanganya mambo."

Mama alishika fimbo yake, akasogea pembeni ili kiti kipite, na mnunuzi na dereva wake wakakipakia kwenye gari wakiwa wamekifunga kwa blanketi.

Sasa anaishi kwangu. Anakula vizuri, jioni tunasali pamoja, na majirani wananisifia kwa kumtunza. Ila tangu siku ile hajaniita mwanangu. Akitaka maji, au akitaka afunguliwe dirisha, ananiita kama wanavyoniita watu wa mtaani. "Mwalimu," anasema, kwa heshima zote, nami naitika.